Mjadala: Kiwanja hakijapimwa, kibali cha ujenzi tukitoe wapi?

Ndugu zangu, hoja hii naileta kwa uchungu, na naomba tuijadili bila kutukanana.

Jumamosi iliyopita mkutano wa kitongoji chetu ulivunjika. Ajenda ilikuwa maji. Mama mmoja mjane akasimama akasema nyumba yake imepigwa X nyekundu ukutani, na chini yake pameandikwa SIMAMISHA UJENZI, kwa kuwa hana kibali. Lenta ameshamwaga, na mabati yamehifadhiwa kwa jirani yakisubiri kupaua. Hapo watu wakagawanyika. Wengine wakasema kibali ni ulaji tu, kifutwe huku kwenye miji midogo. Wengine wakasema sheria ni msumeno, asiye na kibali abomolewe.

Mimi nasema kibali kibaki, ila halmashauri isimnyime mtu kibali kwa sababu ya kazi ya upimaji ambayo yenyewe haijaifanya.

Ukifika dirishani, cha kwanza unaulizwa umiliki: hati au barua ya toleo (barua ya kugawiwa kiwanja). Kisha michoro na risiti ya kodi ya ardhi. Faili linapita kwa watu wa mipango miji, ardhi, afya, na mhandisi. Siku hizi maombi yanapitia TAUSI, mfumo wa halmashauri wa mtandaoni, lakini msingi ni uleule, kiwanja kilichopimwa. Sasa nenda Himo, Katoro au Mlandizi, uliza watu wangapi wamejenga kwenye viwanja vyenye namba na kitalu. Wengi wetu tuna karatasi ya mauziano yenye mashahidi na mhuri wa mwenyekiti, mpaka mmoja ni mwembe na mwingine ni shamba la fulani. Hiyo ndiyo mali yetu yote, na pale dirishani haihesabiki.

Tukumbuke pia tulikotoka. Kijiji kikishatangazwa mji mdogo, serikali ya kijiji inaondoka, vinabaki vitongoji. Aliyezoea kumwarifu mwenyekiti na kuchimba msingi anajikuta chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na hakuna aliyekuja kumweleza.

Mimi kibali ninacho. Eneo letu lilipimwa kwa urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi ambayo watu wameshajenga, tulichangishana. Mchoro ulinigharimu laki nne, karibu mifuko 25 ya saruji kwa bei tuliyokuwa tunanunulia. Faili langu lilirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza choo kimekaribia mpaka. Nikarekebisha, nikaambiwa dirisha la jikoni. Nikarekebisha tena, ikawa ukubwa wa karatasi za michoro. Miezi saba. Wangeniandikia yote matatu siku ya kwanza, ningemaliza kwa wiki mbili.

Lakini wanaotaka kibali kifutwe, njooni muone uchochoro wa nyuma ya soko letu. Kila mtu alisogeza ukuta hatua moja, mpaka njia ikabaki upana wa toroli. Mwaka jana tulimbeba mama mwenye uchungu kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani, usiku, mvua inanyesha, kwa sababu bajaji haikuweza kuingia. Gari la kunyonya majitaka halifiki kule, na kuna choo cha shimo hatua chache tu kutoka kisima cha watu. Hayo ndiyo kibali kinatakiwa kuyazuia. Na anayejenga kando ya barabara kuu bila kuonyeshwa mita 30 kutoka katikati ya barabara (zilikuwa 22.5 kabla ya Sheria ya Barabara ya 2007), au ndani ya mita 60 za mto, anaweka akiba yake mahali itakapobomolewa.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Halmashauri iwe na ramani chache za nyumba ndogo za chini, mhandisi wake ameshazipitisha, mtu achague na alipe ada tu. Ghorofa liendelee na masharti yote. Hakuna aliyesahau Machi 2013 pale mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, watu 36 walipofia chini ya kifusi cha ghorofa lililoporomoka. Kwa eneo lisilopimwa, barua ya mwenyekiti wa kitongoji ipokelewe, na ofisa aje kuonyesha njia na mipaka wakati bado ni kamba na vigingi. Yule mama msingi wake ulichimbwa mchana, kando ya njia ambayo magari ya halmashauri hupita. Hakuna aliyesimama mpaka lenta ilipomwagwa.

Hoja inayonisumbua ni ya kijana mmoja mpima ardhi. Alisema mkianza kutoa vibali bila upimaji, nani atachangia urasimishaji tena? Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba kibali hicho kiwe cha nyumba moja ya chini tu, kisihesabike kuwa ushahidi wa umiliki, na anayetaka kuongeza jengo apime kwanza. Nakiri jibu hilo halijanitosheleza.

Naomba sana walio kwenye halmashauri zenye ramani za namna hiyo waseme zilivyofanya kazi, na waliopimiwa maeneo yao baada ya kujenga waseme nyumba zao zilikumbwa na nini. Mama yule amepewa siku kumi na nne, na leo ni ya sita.