Mhina wa marehemu mamangu unakauka Nairobi, nifanyeje?

BintiLangoni (Julai 14)

Assalam aleikum wenzangu. Naomba msaada wa mtu aujuaye mhina hasa.

Miaka miwili iliyopita, kabla mamangu hajafariki, alinikatia kijiti cha mhina uani kwake Langoni, Lamu. Alikifunga kwa kitambaa kibichi, nikasafiri nacho kwa basi mpaka Nairobi nimekipakata kama mtoto. Nilikipanda kwenye debe kikashika. Mwaka jana tulihamia South C, nyumba ina kiwanja kidogo nyuma, nikauhamishia ardhini. Ukastawi hadi ukanifika kifuani.

Sasa tangu mwisho wa Juni majani yanageuka manjano, yanadondoka, na ncha za matawi zinakuwa nyeusi. Leo nimehesabu matawi manne yaliyokauka kabisa. Na siyo kwamba nimeutupa. Naumwagilia ndoo nzima kila jioni, kila mwezi naukata ncha uwe na umbo zuri, na mwezi wa tano niliuwekea nusu gunia la samadi ya kuku.

Haujawahi kutoa ua hata moja. Mama alikuwa akichanganya maua ya mhina na asumini akayaweka chini ya mto, na harufu ile ndiyo ninayoitafuta kuliko kitu chochote. Majani nayo nayahitaji, maana baridi ya huku imenijaza magaga visigino vyote viwili.

La pili: wifi yangu amejifungua wiki iliyopita. Mavyaa ameniagiza majani mabichi, wakifika arubaini apakwe mama, na mtoto naye apakwe viganja na nyayo. Nimeitikia kwa sababu sikujua la kusema, na mti wenyewe ndio huo. Nisaidieni.

MkulimaWaVoi (Julai 14)

Waaleikum salaam dada. Pole sana kwa kuondokewa na mama.

Mti wako unaona baridi. Mhina ni mmea wa joto kali, jua la nyuzi 35 hadi 40 ndiyo raha yake. Joto likishuka hadi kama nyuzi 11 majani huanza kuwa manjano na kupukutika, na likiteremka chini ya 5 mti unaweza kufa. Nairobi mwezi Julai usiku hufika hizo hizo 11, na kuna alfajiri zinazoshuka chini ya hapo. Kwa hiyo manjano peke yake isikutishe, huo ni mti unajikunyata kungoja jua lirudi.

Ncha nyeusi ndizo zinazonitia wasiwasi. South C ninayoijua mimi ina ule udongo mweusi wa kunata, unaopasuka kiangazi na kuwa uji ukilowa. Chimba kando ya shina, kiasi cha mkono kuingia hadi kiwiko, useme umeona nini. Na leo usimwagilie.

FundiBustani (Julai 14)

Mimi natofautiana kidogo. Majani ya chini yakiwa manjano hiyo ni njaa ya naitrojeni. Tia mbolea ya CAN vijiko viwili vya mezani kuzunguka shina, umwagilie vizuri, halafu upige dawa ya ukungu. Wateja wangu wa mawaridi na boganvilia nawafanyia hivyo kila msimu wa baridi na wanapona.

MkulimaWaVoi (Julai 15)

Ndugu FundiBustani, kwa waridi sina ubishi. Lakini huyu dada ameshatia nusu gunia la samadi ya kuku, njaa itoke wapi? Mizizi ikiwa inaoza haiwezi kula hata ukiipa mbolea ya dunia nzima, na ile chumvi ya CAN itaichoma zaidi. Kule Sojat, Rajasthan, India, ambako hina ni zao la biashara, wanailima kwenye ardhi kame inayotegemea mvua. Tena ardhi ikiwa kavu jani ndipo linapokuwa na rangi kali. Mhina uliolishwa sana unatoa majani mengi, laini, yenye rangi hafifu.

BintiLangoni (Julai 15)

Nimechimba. Kiasi cha shubiri moja tu nikakuta udongo umelowa tepetepe na una harufu ya mtaro. Mizizi miwili midogo niliyoigusa imebanduka ganda mkononi. Nimelia, siwafichi. Nilidhani namtunzia mamangu mti wake, kumbe nimekuwa nikiuzamisha kila jioni.

BiMkubwaPangani (Julai 15)

Usilie mwanangu. Mhina haufi upesi hivyo. Kwangu hapa ulikatwa na mafundi wa ukuta hadi ukabaki kisiki, mvua mbili tu ukarudi.

Jioni ya leo kwaruza shina kwa ukucha pale chini. Ukiona kijani chini ya ganda, mti u hai. Halafu fanya mambo mawili kwa siku moja, usingoje Jumamosi.

Kwanza chukua vijiti vya akiba. Tafuta tawi lililokomaa, unene wa penseli, si lile laini la juu. Kata urefu wa shubiri, ondoa majani ya chini, uchomeke nusu yake kwenye kopo la mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Kopo liwe na matundu chini. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, uweke jikoni karibu na dirisha, penye joto la kupikia. Chomeka kumi, maana kwa baridi hiyo huenda vikashika vitatu. Hata kimoja kikishika, bado ni mti wa mamako.

Pili, ung'oe mti wenyewe na bonge lake. Kata kwa kisu kikali mizizi yote iliyooza, bakisha iliyo nyeupe na ngumu. Na kwa kuwa umepunguza mizizi, punguza na matawi, karibu nusu. Uupande kwenye pipa au debe kubwa lililotobolewa, lenye kokoto chini na udongo wenye mchanga mwingi juu. Samadi usitie hata kiganja.

MkulimaWaVoi (Julai 15)

Shikamoo Bi Mkubwa. Sina la kuongeza ila mahali pa kuliweka hilo pipa. Dada, miezi hii jua la Nairobi linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo tafuta ukuta wa mawe unaotazama kaskazini. Utapata jua tangu asubuhi, na usiku jiwe linarudisha joto kidogo kidogo. Ukuta unaotazama kusini mwezi Julai ni kivuli kutwa. Maji uutilie pale tu kidole kikizama hadi pingili ya pili na kukuta pakavu, kwa baridi hii hata wiki mbili zinaweza kupita. Mbolea uisahau hadi uone machipukizi yenye nguvu.

MuuguziMvita (Julai 16)

Nimechelewa kuuona uzi huu, na nashangaa hakuna aliyegusa swali la mtoto. BintiLangoni, tafadhali mtoto huyo asipakwe hina. Si viganja, si nyayo, si hata tone la pambo.

Nawaeleza sababu. Rangi ya hina, inayoitwa lawsoni, inapenya ngozi ya mtoto mchanga, ambayo bado ni laini mno. Kuna watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Ni jambo la kurithi, limeenea sana sehemu zenye historia ya malaria kama pwani yetu, na huwapata zaidi watoto wa kiume. Wengi hawajui kama wanao, kwa kuwa hawaumwi chochote hadi wakutane na kichochezi. Mtoto mwenye upungufu huo akipakwa hina chembe zake zinaweza kupasuka kwa wingi: anakuwa manjano, anapauka, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na anaweza kufa. Ghuba, ambako watoto hupakwa sana, madaktari wameyaona haya na kuyaandika.

Kama kuna aliyekwisha kumpaka mtoto na akaona dalili hizo, asingoje asubuhi. Aende hospitali saa ile ile na aseme wazi kuwa mtoto alipakwa hina.

Mama mzazi akitaka kupamba mikono yake na apambe, kwa hina safi. Nasisitiza hina safi. Piko si hina. Ile nyeusi inayoshika kwa nusu saa imejaa kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD. Nimewaona mabibi harusi wametoka malengelenge yenye umbo la ua lile lile walilochorwa, na wengine hawawezi tena kupaka rangi ya nywele maisha yao yote. Hina ya kweli huanza na rangi ya chungwa, ikakolea siku moja au mbili hadi kahawia iliyoiva. Haiwi nyeusi tititi.

Na asiwepo wa kuwashauri kunywa maji ya majani au mizizi ya mhina kwa ajili ya ugonjwa wa manjano au kitu kingine. Mhina ni dawa ya nje.

BintiLangoni (Julai 16)

Dada nimetetemeka kusoma. Mtoto ni wa kiume. Lakini mavyaa wangu ni mtu mzima wa heshima zake, watoto wake wote sita aliwapaka na hakuna aliyedhurika. Nikisema hapana itaonekana nimemnyima kwa kuwa mti ni wa mamangu.

BiMkubwaPangani (Julai 16)

Hata sisi tuliwapaka, mwanangu, na tulikuwa hatujui. Na tuliwazika wengine wa manjano tukisema ni mapenzi ya Mungu. Usiende kwake mikono mitupu ukiwa na neno la kukataza tu. Mpelekee hina ya unga iliyo safi kwa ajili ya mzazi, na vikuba vya asumini. Mume wako ndiye azungumze na mamake, wewe uwe pembeni. Habari ya damu akiisikia kwa mwanawe itamwingia.

MuuguziMvita (Julai 16)

Ahsante Bi Mkubwa. Naongeza tu kwamba kliniki ya mtoto iko wiki hizi hizi. Mume wako amsindikize mavyaa huko, amuulize muuguzi mbele yake. Wazee wetu wengi hulipokea likisemwa na mtu wa kliniki.

Mswahili_Muscat (Julai 17)

Salaam kutoka Oman. Huku mhina uko kwenye bustani nyingi, na kiangazi cha nyuzi 45 unasimama kijani wakati wanadamu tumejifungia ndani. Nataka kujibu lile la maua, maana limesahaulika.

Maua ya mhina hutoka kwenye ncha za matawi, vishada vidogo vidogo vyeupe au vya rangi ya maziwa. Dada anakata ncha kila mwezi, kwa hiyo kila tawi lilipotaka kuchanua alilikata kichwa. Majani na maua havipatikani kwenye tawi moja. Bibi yangu alikuwa akiugawa mti: upande wa mlangoni anavuna majani, upande wa dirisha la chumba chake mkasi haufiki kabisa. Wakati wa maua jioni nyumba nzima ilijua.

Ukitaka kuanza kwa mbegu utaweza pia, ila zina ganda gumu. Ziloweke siku tatu hadi saba, kila siku ubadilishe maji, ndipo uzisie mahali pa joto. Na tahadhari watoto mti ukizeeka, mhina mkubwa huota miiba.

BintiLangoni (Julai 19)

Nimeung'oa, nimeukata, uko kwenye pipa kwenye ukuta wa jua. Vijiti kumi viko jikoni. Chini ya ganda kulikuwa na kijani, alhamdulillahi.

Na magaga je? Nimenunua unga wa hina Eastleigh lakini una rangi ya udongo, sijui ni mzima.

BiMkubwaPangani (Julai 19)

Unga mzuri una rangi ya kijani na unanukia majani makavu. Wa udongo umeanikwa juani au umekaa sana dukani. Ukivuna wako, anika kivulini hadi jani livunjike mkononi, twanga, chekecha, weka kwenye kopo lenye mfuniko mahali pa giza.

Kwa magaga: loweka miguu katika maji vuguvugu, sugua kwa kijiwe, futa. Koroga unga kwa maji hadi uwe mzito kama uji wa mtoto, uache ukae saa kadhaa, upake visiginoni na ufunge kitambaa usiku. Asubuhi bandua, paka mafuta ya nazi. Rudia baada ya siku tatu. Mpasuko ukiwa unatoa damu, au ukiwa na sukari, usifanye haya, nenda ukaonwe.

BintiLangoni (Februari 9)

Wenzangu, nimerudi. Vijiti vinne vilishika jikoni. Kimoja nimempa wifi yangu. Mtoto hakupakwa. Mavyaa aliuliza mwenyewe kliniki, akarudi kimya, akamwambia mwanawe, "Yule mkeo ana watu wa kumshauri." Arubaini tulifanya kwa hina ya mzazi peke yake.

Mti wa pipani ulikaa kijiti kitupu hadi Septemba, nikauacha kama mlivyoniambia. Mwezi wa kumi ukachipua. Sasa kwa hili jua la Januari na Februari umepita kiuno, na jana jioni kwenye tawi la juu nimeona kishada chenye vitumba vya kijani, vidogo kama punje za mtama. Havijafunguka. Pembeni yake kuna chipukizi refu limekipita kishada na kukiziba. Nilikate?

Mswahili_Muscat (Februari 9)

Usilikate. Lipinde pembeni, ulifunge kwa uzi.