Mwaka wa pili kemia na biolojia: nipange vipi mwaka wa tatu ili nipime floridi ya maji ya kwetu Arumeru?

Binti_wa_Meru:
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili, shahada ya sayansi, kemia na biolojia, hapa Dar. Kwetu ni Arumeru. Mtu wa kwetu akicheka tu utajua alikokulia, maana meno yana rangi ya kahawia. Chemchemi na visima vyetu vinapita kwenye miamba ya volkano, na floridi yake ni nyingi. Mdogo wangu yuko darasa la nne na ameshaanza kuziba mdomo kwa kiganja akicheka. Hilo ndilo lililonifanya nijaze kemia kwenye fomu, na mpaka leo sijabadili nia.

Utafiti wa mwaka wa mwisho nataka uwe wa kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Shida ni ratiba. Semista ya tano kuna kozi mbili za hiari zinazogongana: uchambuzi wa kemikali kwa vifaa, na biokemia. Wanaosoma mbele yangu wanasema biokemia inabeba GPA, na mimi niko 3.4, nautafuta 3.5 wa daraja la pili la juu. Uchambuzi una maabara Jumanne na Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi na moja, na ripoti kila wiki. Sasa hivi ripoti moja tu ya ugumu wa maji inanikesha. Nichukue ipi? Na field ya Julai niombe wapi?

Mpima_Maji:
Mdogo wangu, chukua uchambuzi. Mimi niko maabara ya maji, floridi ndiyo kazi yangu.

Utafiti wako wote utasimama kwenye namba moja: miligramu za floridi kwa lita, kabla ya kuchuja na baada ya kuchuja. Kikomo cha maji ya kunywa ni 1.5. Namba hiyo utaipata kwa elektrodi ya floridi, ile yenye fuwele ya lanthanamu floridi, na yenyewe inakupa milivoti. Floridi ikiongezeka mara kumi, milivoti zinashuka kama 59 hivi kwenye nyuzi 25. Ukiona zimeshuka 48 tu, usiguse sampuli kwanza. Ama elektrodi imechoka, ama myeyusho wako wa kulinganishia haukutengenezwa sawasawa. Tena alumini na chuma huishika floridi isionekane, ndiyo maana tunachanganya sampuli na bafa ya TISAB, inayoiachilia na kuiweka pH kwenye 5 na kidogo. Bika ziwe za plastiki. Mambo haya yote yako kwenye kozi ya uchambuzi.

Kuhusu mkaa, pigania tanuri lenye kipimo cha joto cha kuaminika. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 400 mpaka 500 hivi. Isipoiva vizuri, maji yatatoka na harufu na rangi, na hakuna mama atakayeyakubali jikoni kwake hata ukimwonyesha majedwali. Ukizidisha sana moto, uwezo wa kunasa floridi unashuka.

Field omba Ngurdoto, kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Wizara ya Maji, kipo hukohuko kwenu. Mkaa wa mifupa wanaufahamu kwa miaka mingi. Peleka barua mapema, usingoje Juni.

Krediti360:
Dada, tupige hesabu kabla ya kuogopa. Tuseme programu yako ni krediti 360, na mwaka wa pili unaumaliza na 3.4 kwenye krediti 240. Hapo una pointi 816. Kufika 3.5 unahitaji 1,260, yaani 444 kwenye krediti 120 zilizobaki: wastani wa 3.7. Kozi ya krediti 12, ukipata A (5) badala ya B+ (4), inakuongezea pointi 12 tu, sawa na 0.03 ya GPA yote. Biokemia peke yake haikuvushi. Utavushwa na utafiti mzuri na kozi za lazima.

Ripoti nazo, andika utangulizi na njia kabla hujaingia maabara, majedwali yawe yameshachorwa. Kwenye ugumu wa maji, ukishapata titresheni (vipimo vya kudondosha kwa bureti) zinazokubaliana ndani ya mililita 0.1, na rangi imetoka kwenye wekundu wa divai ikawa bluu kamili, piga hesabu palepale kabla hujavua koti. Namba ikiwa ya ajabu, bureti bado iko mbele yako.

Binti_wa_Meru:
Asanteni sana wakuu. Basi nachukua uchambuzi, na barua ya Ngurdoto naiandika wiki hii. Swali moja: nikitaka kuja na maji ya chemchemi ya kwetu mpaka Dar kwa basi, hayataharibika?

Mpima_Maji:
Kwa floridi hayana shida, hayahitaji asidi wala barafu. Tumia chupa za plastiki, suuza kila moja kwa maji yaleyale unayoyachota, jaza, funga vizuri. Andika chanzo, tarehe na saa kwa wino usiofutika. Chota kiangazi, kisha rudia masika, maana mvua inaweza kubadilisha kiwango. Na chupa moja ijaze maji yasiyo na floridi, isafiri pamoja na nyingine, uipime kwanza: ikionyesha floridi, ujue imetoka kwenye chupa au njiani, si kwenye chemchemi.