Labrador mchanga: chakula kikavu au nimpikie nyumbani?

MtoMpya
Wakuu, habari zenu. Nimepata mbwa aina ya Labrador, dume, bado mtoto. Chakula alichokuja nacho kinaisha wiki hii, sasa lazima niamue. Mmoja ananiambia nimpe chakula kikavu cha mfuko, mwingine anasema nimpikie nyama na wali. Nataka akue haraka, awe na mwili. Kipi bora?

Nyuki_wa_Alfajiri
Hongera mkuu, ila hujatuambia kitu. Ana wiki ngapi? Kilo ngapi? Amechanjwa? Amepewa dawa ya minyoo? Bila umri hata idadi ya milo hatuwezi kukutajia. Chini ya miezi minne hula mara tatu au nne kwa siku, akipita miezi sita mara mbili zinamtosha.

BabaSultani
Kikavu, lakini si kikavu chochote. Tafuta kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wa aina kubwa. Labrador dume huishia kilo 29 hadi 36, na karibu mwili wote huo anaujenga ndani ya mwaka mmoja. Vyakula hivyo hupimwa kalsiamu na nishati ili mifupa isiharakishwe. Hilo neno lako "haraka" ndilo linalonitia wasiwasi.

Kipepeo
Mimi nawapikia mbwa wangu, na sitarudi kwenye mifuko. Nyama, maini kidogo, wali, karoti, yai. Najua kila kinachoingia tumboni mwao. Manyoya yanang'aa na choo chao ni kizuri.

BabaSultani
Dada Kipepeo, ulianza kuwapikia wakiwa na umri gani? Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mbwa mzima huvumilia kwa muda, mtoto hawezi.

Kipepeo
Walikuwa na miaka miwili kwenda juu. Kwa mtoto, sawa, apewe mpango wa chakula na daktari wa mifugo. Lakini msiseme kupika ni kosa.

Jiwe_la_Mto
Naomba nisimulie yangu, ni ndefu kidogo. Labrador wangu wa kwanza nilimlisha chakula kizuri kabisa cha mfuko. Jamaa mmoja mfugaji akaniambia mbwa mkubwa lazima aongezewe kalsiamu, nami nikamwamini. Kila asubuhi nilimnyunyizia unga wa kalsiamu juu ya chakula, tena nikimjazia bakuli kila lilipokwisha, maana nilifurahi kumwona mnene. Akiwa na miezi mitano akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Nikadhani amejigonga. Wiki mbili zikapita, akawa anaamka kwa shida, na ile furaha yake ya kukimbilia mlangoni ikaisha. Tulipopiga eksirei, daktari akanionyesha kiwiko kilichokua vibaya. Akanieleza kuwa mtoto wa mbwa hawezi kuizuia kalsiamu ya ziada isifyonzwe utumboni. Ukimpa nyingi, inaingia nyingi. Akasema pia ugonjwa huo hurithiwa, kwa hiyo si yote niliyoyasababisha, ila uzito na ule unga havikumsaidia. Alifanyiwa upasuaji, na mpaka leo siku za baridi anatembea kwa kujivuta. MtoMpya, kikavu au cha kupikwa, tafadhali usimwongezee kitu bila daktari. Na usimnenepeshe.

Nyuki_wa_Alfajiri
Pole sana mkuu. Hilo la unene lina ushahidi. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2002: Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, na waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu uzisikie bila kubonyeza.

Kipepeo
Wangu mmoja hashibi. Nikimpa kidogo ananikodolea macho mpaka nashindwa.

BabaSultani
Labrador wengi wako hivyo. Mwaka 2016 watafiti waligundua kuwa takriban robo ya Labrador wana hitilafu katika jeni iitwayo POMC, inayohusika na njaa. Usimpime kwa macho yake, pima kwa mizani.

Tanga_Jeupe
Mbona hamjagusa mazoezi? Mimi nafuata dakika tano za kutembea kwa kila mwezi wa umri, sizidishi.

Jiwe_la_Mto
Hiyo ya dakika tano sijaona ushahidi wake. Mwache acheze kwa hiari yake kwenye nyasi, akichoka atalala. Ngazi ndizo za kumwepusha nazo miezi mitatu ya mwanzo.

Tanga_Jeupe
Kwa hiari yake? Huyu wangu hajui kuchoka, anaruka kochi mchana kutwa.

MtoMpya
Asanteni, na Jiwe_la_Mto pole sana. Nimesahau kusema: ana wiki 11, kilo 9, chanjo moja tu. Dawa ya minyoo sina hakika. Na nyumba yetu ina ngazi, ameanza kupanda mwenyewe.

Nyuki_wa_Alfajiri
Wiki 11 na chanjo moja! Basi usimshushe chini wanakopita mbwa wengine, virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa, hukaa udongoni miezi mingi. Mbebe mikononi aone watu na magari, maana umri huu ndio wa kuzoea dunia. Chanjo inayofuata umepangiwa lini?

Tanga_Jeupe
Na ngazi uweke kizuizi leo leo. Kumhasi umeshafikiria? Wangu nilisubiri mpaka mwaka.

Kipepeo
Kusubiri mwaka ni sawa kwa Labrador dume, Tanga.