Tikiti zimejikunja majani na kupiga mabaka, dawa haisaidii. Ning'oe au niendelee?

Mwanaruvu: Wakuu, habari za majukumu. Nina ekari moja na nusu ya tikiti maji bonde la Ruvu, namwagilia kwa matone. Miche ilitoka vizuri sana. Zilipoanza kutambaa, upande mmoja wa shamba ukabadilika: majani machanga yanatoka madogo, yamekunjamana, yana mabaka ya kijani kilichokoza na njano. Mengine yamechongoka mpaka imebaki mishipa. Matunda ya kwanza yana vinundu. Dukani walinipa dawa ya ukungu, nimepuliza, hakuna mabadiliko. Maua ya kike ndiyo yanafunguka kwa wingi sasa. Shamba nimekodi, na ada ya mtoto muhula ujao inatoka hapa. Naombeni ushauri.

Mama Kitalu: Pole sana ndugu. Kabla watu hawajakutajia dawa, nijibu haya. Chini ya majani kuna nini? Kuna jirani aliyepiga dawa ya magugu kwenye mahindi? 2,4-D ikipeperushwa na upepo huchongoa majani ya tikiti hivyohivyo, ila hiyo hupiga upande mzima kwa mara moja, haisambai mche kwa mche. Na huo upande ulioanza umepakana na nini?

Mwanaruvu: Mahindi hakuna. Chini ya majani naona wadudu mafuta, wengine wana mbawa, lakini si wengi. Upande huo umepakana na maboga ya mzee mmoja, alishavuna akayaacha yanatambaa. Nimetoka kuyaangalia sasa hivi, yana mabaka yaleyale.

Mama Kitalu: Basi chanzo umekiona. Hivyo ni virusi, na dawa ya ukungu haivigusi. Jamii ya maboga, matango na tikiti ina virusi kadhaa vinavyoenezwa na wadudu mafuta: ZYMV, kilichotambuliwa kwanza Italia miaka ya 1970 kwenye zukini, aina ya boga dogo, kuna WMV cha tikiti, PRSV kilicho ndugu na kile cha mipapai, na CMV cha matango ambacho hushambulia aina zaidi ya 1,000 za mimea. Kwa macho huwezi kuvitenganisha, na mche mmoja unaweza kubeba viwili. Ukitaka uhakika, ulizia vipimo TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) Arusha au SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro.

Mmea ukishaambukizwa hauponi.

Kijana wa Matone: Mimi napiga imidaklopridi, dawa ya wadudu, kila wiki na tikiti zangu safi. Jamaa asikate tamaa, aongeze dozi.

Mama Kitalu: Hapana, mwanangu. Dozi isizidi lebo. Mdudu mafuta mwenye mbawa akitua, huchoma jani kuonja kama ni chakula chake. Sekunde chache zinatosha kubeba virusi kwenye ncha ya mdomo, na chache nyingine kuvipanda kwenye mche wa pili. Dawa inamuua akiwa ameshaambukiza. Ndiyo maana anaona wadudu wachache na shamba linaumwa. Inzi weupe ni habari nyingine: virusi vyao vingi huhitaji mdudu atulie anyonye muda mrefu, hapo dawa husaidia. Tena maua yamefunguka. Ua la tikiti huishi siku moja. Lisipotembelewa na nyuki vya kutosha, tunda linadondoka au linapinda. Imidaklopridi inaua nyuki.

Mwanaruvu: Nimekuelewa mama. Mistari ya mpakani imeumwa karibu yote, katikati ni mmoja mmoja. Nianzie wapi?

Mama Kitalu: Katikati ng'oa kila mgonjwa leo, utie kwenye kiroba hapohapo, usiuburute juu ya mizima, kisha ufukie. Mpakani, ulioumwa kabla ya kushika tunda hautakulipa, toa. Wenye tunda lililokwisha kukua uache umalizie. Nawa mikono kabla ya kugusa mizima, maana utomvu nao huambukiza. Halafu nenda kwa mzee kwa adabu, umwombe umsaidie kung'oa yale maboga. Hiyo kazi ya asubuhi moja ina faida kuliko bomba kumi za dawa.

Shamba Darasa: Naongezea kwa msimu ujao. Zungushia mistari michache ya mahindi au mtama, iwe imesimama kabla ya kupanda tikiti. Wadudu wageni hutua hapo kwanza, wakichoma wanapoteza virusi. Nailoni ya kutandaza yenye upande wa fedha nayo huwachanganya kwa mwanga. Ukifunika miche kwa chandarua, funua maua ya kike yanapoanza.

Mwanaruvu: Mzee amekubali, kesho asubuhi tunang'oa pamoja. Je, matunda ya mimea iliyoumwa yanalika?

Mama Kitalu: Yanalika, virusi hivi havimdhuru binadamu. Yenye vinundu uza mtaani kwa bei ya chini, mnunuzi wa jumla atayakataa. Mbegu zake usihifadhi, kwa sababu ZYMV huweza kupita kwenye mbegu, japo kwa kiasi kidogo.