Kayaki usiku kwenye maji ya kasi: flashi ndogo tatu, flashi moja kubwa au taa za LED?

JichoLaUsiku
Ndugu wanajukwaa, habari za muda huu. Nimeombwa na kundi la waendesha kayaki niwapige picha usiku wakishuka poromoko la maji la mita 10 hivi, nami niko njia panda. Naweza kununua flashi ndogo tatu na kuzitumia mbali na kamera, kununua flashi moja kubwa ya studio inayotumia betri, au kuachana na flashi na kukodi taa za LED zinazowaka muda wote. Mchana nimezoea kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) ya 1/1000 ya sekunde na kuendelea, lakini kwa flashi ya kawaida kamera yangu haivuki 1/250. Mtu anayeanguka mita 10 hufika chini akiwa na mwendo wa takriban mita 14 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya 1/250 ya sekunde anakuwa amesogea zaidi ya sentimita 5. Je, picha haitatoka na ukungu? Nitashukuru kusikia kutoka kwa waliokwisha kulowa kwa kazi hii.

MzeeWaLenzi
Ndugu JichoLaUsiku, hesabu yako ni sahihi, ila umemshtaki asiyehusika. Penye giza la kutosha shata haigandishi chochote. Kinachogandisha ni muda ambao flashi yenyewe inawaka, kwa sababu kabla na baada ya hapo sensa haipati mwanga wa maana. Flashi ndogo ya kawaida ikitumika kwa nguvu zote huwaka kwa takriban 1/900 ya sekunde, na mkia wa mwanga wake hudumu zaidi ya hapo, lakini ukiishusha hadi 1/8 ya nguvu muda huo hupungua hadi karibu 1/5000. Katika muda huo mwendeshaji wako husogea milimita 3 tu, na matone ya maji hutoka yakiwa yamekatika vizuri, moja moja.

Swali linalobaki ni kama 1/8 ya nguvu itamfikia. Chukua flashi ambayo namba yake elekezi, yaani kipimo cha nguvu yake ambacho ukikigawa kwa namba ya f unapata umbali inaofika, ni 40 kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kwa 1/8 namba hiyo hushuka hadi 14, ukipanda hadi ISO 1600 inakuwa 56, na ukiigawa kwa 4 ya f/4 (upana wa tundu la lenzi) unapata mita 14. Kwa poromoko lako inatosha, mradi flashi ziwekwe karibu na maji, kwa kuwa umbali ukiongezeka maradufu mwanga unaobaki ni robo tu. Ndiyo maana naziunga mkono flashi ndogo tatu kuliko moja kubwa: zinabebeka hadi kwenye miamba ambako kubwa haifiki.

Usishawishike kutumia ile hali ya flashi ya kasi ya juu ili uvuke 1/250. Hapo flashi hutoa msururu wa mipigo midogo kwa muda wote shata inapopita, nguvu hupungua sana, na ile faida ya mwako mfupi hutoweka.

FundiTaa
Naafiki sehemu kubwa ya maelezo ya Mzee, ila flashi kubwa haijatendewa haki. Zipo za kisasa ambazo, kama zile ndogo, hukata mwako mapema nguvu inaposhushwa, na kwenye mto mpana ambapo huwezi kusogea chini ya mita 20 ndizo zitakazokuokoa. Tatizo ni zile za mtindo wa zamani, ambazo ukipunguza nguvu muda wa kuwaka huongezeka badala ya kupungua. Soma maelezo ya kifaa kabla hujalipa.

Kuhusu LED, piga hesabu kwanza. Ukitaka 1/1000 kwa f/2.8 na ISO 6400, mwili wa mwendeshaji unahitaji kupata mwanga wa lux 300 hivi, ambao ni sawa na wa ofisi iliyowashwa taa vizuri. Sasa jaribu kuleta ofisi hiyo juu ya poromoko! Hata ukifaulu, 1/1000 bado itaacha mwendeshaji amesogea zaidi ya sentimita moja. Isitoshe, baadhi ya taa hizo zikipunguzwa mwanga humetameta kwa kasi ambayo jicho halioni, na shata ya kielektroniki huzinasa kama mistari myeusi inayokatiza picha.

BintiKasia
Nawaombeni radhi, wakubwa zangu, mimi ndiye ninayeanguka kwenye hizo picha. Mnahesabu vizuri, ila hakuna aliyeuliza mwendeshaji anaona nini. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na flashi moja ya usoni huyarudisha mwanzo wakati napaswa kuona mdomo wa poromoko na mahali pa kuchomeka kasia. Niliwahi kupigwa flashi kutoka mbele sekunde moja kabla ya kuruka; nilishuka nikiona duara jeupe tu, na kayaki ikatua ubavu.

Kwa hiyo naomba taa mbili hafifu za LED ziwake muda wote, moja ikielekea njia ya kuingilia na nyingine bwawa la chini, ambako waokoaji wenye kamba wamesimama. Flashi zikae pembeni au nyuma yangu, wala zisipigwe kabla sijavuka ukingo. Ishara ziwe za tochi, kwani filimbi humezwa na ngurumo ya maji.

MzeeWaLenzi
Binti amesema kweli, na mpangilio huo hunufaisha picha pia. Flashi iliyo karibu na lenzi huangaza kila tone la mvuke lililo mbele yako, picha ikajaa madoa meupe kama unga uliopeperushwa, ilhali mwanga wa nyuma hufanya matone yayo hayo yang'ae ukingoni mwa kofia na kasia. Hizo LED zibaki hafifu kiasi kwamba ukipiga picha bila flashi inatoka karibu nyeusi kabisa, la sivyo utapata taswira ya pili hafifu inayomfuata mwendeshaji.

JichoLaUsiku
Nashukuru sana. Nimeamua kuchukua flashi ndogo tatu, mbili nyuma ubavuni na moja upande wangu ikiwa imepunguzwa, pamoja na LED mbili za BintiKasia. Je, fokasi nifanyeje gizani?

FundiTaa
Mulika ukingo wa poromoko kwa tochi kabla hawajaanza, lenga hapo, kisha zima fokasi ya otomatiki na ubandike utepe wa karatasi wenye gundi kwenye pete ya lenzi isisogee. Flashi ziwashe kwa redio, kwani zile zinazotegemea kuonana kwa mwanga hukosana nyuma ya miamba. Zifunike kwa mfuko wa plastiki, na kila stendi uifunge kwenye jiwe kwa kamba. Yangu ya kwanza ilisombwa na wimbi la mwendeshaji wa tatu.