Mrejesho: msosi usio na nyama wala samaki Kigoma mjini

Wakuu, mnakumbuka niliuliza ntakula wapi hapa Kigoma bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, mkaniambia nianze na mama ntilie wa Mwanga sokoni. Aisee mmenisaidia sana. Maharage ya mawese na ugali wa muhogo ndo chakula changu cha mchana siku hizi, yale mafuta mekundu yanaelea juu ya mchuzi mzito, unamega tonge unachovya, hutamani kitu kingine kabisa. Ila kisamvu ulizia kabla hujapakuliwa maana wengi wanatia dagaa, na ukisema tu huli samaki mwingine anakupakulia hivyo hivyo kwa sababu kwake dagaa ni kiungo, kwa hiyo uliza wazi, "mama, humu kuna dagaa?" Wali wa nazi uko poa, pilau nimeachana nayo sababu ya supu ya nyama. Maandazi inategemea na mpishi, wapo wanaokandia maziwa. Sasa kuna mama mmoja ananichotea kisamvu cha karanga kabla hajatia dagaa, nikichelewa ananipigia, Mungu ambariki. Bado natafuta maziwa ya soya, anayejua duka anielekeze.