Naomba ushauri: kete za mweso na watoto wa chekechea

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha chekechea hapa Busia, upande wa Uganda, watoto wa miaka 3 hadi 5, wote chumba kimoja. Vifaa vya dukani hatuna, tunatumia vilivyopo: vizibo vya soda, udongo wa mfinyanzi, majani makavu ya migomba.

Kuhesabu nimeanza na ubao wa mweso, mchezo wa huku Uganda unaofanana na bao. Una mashimo 32 na kete 64, kwa hiyo kila shimo linapata mbili. Wakubwa wanaupenda kweli. Mtoto akifika mwisho na kete moja mkononi, anarudi mwenyewe kutafuta alipokosea.

Shida ni wadogo. Kete zinaingia mdomoni, hata puani, na macho yangu ni mawili tu. Nyie mnatumia nini kikubwa kidogo kisichoweza kumkaba mtoto? Nimefikiria magunzi ya mahindi, ila panya wa hapa hawana adabu.

Halafu wazazi. Wakikuta daftari tupu wanasema ada inaliwa, watoto wanacheza tu. Aliyewahi kuwakalisha wazazi wakamwelewa, alianzaje?